Mita 605 za Berlin: kwa nini saa ya mkononi na bango la barabarani havikubaliani

Mbele ya Lango la Brandenburg, pale ambapo barabara ya Unter den Linden inakaribia kwisha, saa yangu ya mkononi ilitetema na kunipongeza: nimemaliza marathoni, kilomita 42.195, kwa saa 3:59:48. Kasoro ilikuwa moja. Mstari wa kumalizia ulikuwa bado uko ng'ambo ya lango, mita mia sita na ushei mbele yangu, na miguu ilikuwa imekwisha kugawa nguvu zake kwa kuiamini saa. Nilipouvuka, saa ilikuwa inasoma kilomita 42.8, na cheti nilichopakua jioni kikaandika 4:03:14. Mwaka mzima wa kuamka saa kumi alfajiri ili niingie chini ya saa nne ulikuwa umemezwa na mita 605 ambazo, kwa mujibu wa waandaaji, hazikuwapo.

Katika makundi ya wakimbiaji wa kwetu malalamiko haya ni ya kila msimu. Mtu anakwenda Berlin, Chicago au London, anarudi na medali shingoni na neno moja mdomoni: njia ilikuwa ndefu, wametupiga. Nami nililisema. Baadaye nikajifunza kwamba kinachoitwa kwa jina moja la marathoni ni mambo kadhaa yaliyofungwa pamoja: umbali uliopimwa, umbali uliokimbiwa, muda unaohesabika kwa ushindi, na muda unaohesabika kwa mkimbiaji wa kawaida. Anayekimbia mjini kwake anaweza kuishi miaka mingi bila kuyatenganisha. Anayelipa nauli ya ndege, viza na hoteli kwa ajili ya asubuhi moja hana budi kuyatenganisha kabla hajaondoka.

Umbali wenyewe hauna mgogoro. Kilomita 42.195 ni urithi wa Olimpiki ya London ya 1908, ambapo wakimbiaji walianzia katika kasri la Windsor wakamalizia uwanjani mbele ya jukwaa la kifalme, na urefu huo ukafanywa kanuni mwaka 1921. Mgogoro unaanza tunapouliza kilomita hizo zimepimwa juu ya mstari upi, kwa kuwa barabara ya mjini ina upana, na mtu anayebana kona kwa ndani hakimbii njia sawa na mwenzake anayezunguka kwa nje, hata kama wamevaa namba za mbio zilezile. Kanuni ya Shirikisho la Riadha Duniani inalijibu swali hilo bila huruma: kinachopimwa ni njia fupi kuliko zote ambayo binadamu anaweza kuikimbia bila kutoka barabarani, yaani sentimita 30 kutoka kwenye ukingo wa kila kona, na kati ya kona na kona ni mstari ulionyooka, hata kama mstari huo unaikata barabara kwa mshazari kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba chombo kinachoaminiwa kwa kazi hiyo ni baiskeli. Kwenye ekseli ya gurudumu la mbele hufungwa kihesabio kidogo kinachoitwa Jones, ambacho hutoa takriban hesabu 11,000 kwa kila kilomita, hivyo hesabu moja inasimama badala ya sentimita tisa hivi za lami. Kabla ya kupima, mpimaji huchagua kipande cha barabara kilichonyooka, cha mita 300 au zaidi, kilichopimwa kwa futikamba ya chuma, akakipita mara nne na kuandika hesabu zilizotoka. Kisha anaipima njia nzima ya mbio, na akimaliza anarudi kwenye kipande kilekile kukipita mara nne nyingine. Marudio hayo yana sababu. Tairi likipata joto la mchana hewa ndani yake hutanuka, gurudumu linakua kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, na kilomita ile iliyotoa hesabu fulani alfajiri inatoa hesabu pungufu saa sita mchana. Mpimaji asiyejua jinsi baiskeli yake ilivyobadilika siku ile hajui alichokipima.

Hata hivyo, makosa madogo yanabaki, na hapa ndipo waandaaji wanapoongeza jambo ambalo wakimbiaji wengi hawalijui. Kwa kuwa njia ikigundulika kuwa fupi muda wote uliokimbiwa juu yake unatiliwa shaka, kila kilomita huongezewa mita moja ya tahadhari wakati wa kupima. Marathoni iliyopimwa kwa kanuni ina, kwa hiyo, kama mita 42 za ziada. Mlalamikaji wa kundini ana haki, basi, ya mita 42. Hana haki ya 605.

Tahadhari hiyo haikutokana na ushamba wa watu wa vipimo. Mwaka 1981 Alberto Salazar alishinda New York kwa saa 2:08:13, muda uliotangazwa kuwa rekodi ya dunia. Njia ilipopimwa upya miaka kadhaa baadaye, ilionekana kuwa pungufu kwa karibu mita 150. Kwa mwendo aliokuwa nao Salazar, mita hizo ni takriban nusu dakika, na nusu dakika ilitosha kabisa kuiondoa rekodi yake kwenye vitabu.

Sasa turudi kwenye saa yangu. Mita zake 605 zina asili mbili, na si rahisi kuzigawa. Sehemu ya kwanza nilizikimbia kweli. Ukiizunguka kona ya nyuzi tisini ukiwa mita mbili nje ya mstari uliopimwa, unaongeza mita tatu na kidogo kwa kona hiyo moja. Kule Strausberger Platz, kipilefti chenye chemchemi katikati, nilijikuta nimesukumwa na umati hadi upande wa nje kabisa, na sikupata nafasi ya kurudi ndani hadi tulipokuwa tumekwisha kutoka. Ongeza kumpita huyu kwa kulia na yule kwa kushoto, ongeza kukata barabara kwenda kwenye meza ya maji na kurudi, mara nyingi hivyo, na mita mia mbili au tatu zinakusanyika bila wewe kujua. Berlin kuna mstari wa buluu uliopakwa barabarani, unaofuata njia ile fupi iliyopimwa. Wakimbiaji wa mbele huufuata kama treni ifuatavyo reli. Sisi wa nyuma, katika mbio ambazo mwaka 2024 zilimalizwa na watu zaidi ya 54,000, tunauona kwa vipande, chini ya viatu vya wenzetu.

Sehemu ya pili sikuikimbia, saa iliibuni. Saa haipimi barabara. Inapokea mawimbi ya satelaiti, inakisia ilipo kila baada ya muda mfupi, kisha inaunganisha nukta hizo. Kila nukta ina kosa la mita kadhaa, mara kulia, mara kushoto, na mstari unaopindapinda siku zote ni mrefu kuliko ulionyooka, kwa hiyo makosa hayo hayafutani bali hurefusha safari. Majengo marefu huzidisha hali hiyo, kwa sababu mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika mkononi. Waliokimbia Chicago wanaijua vizuri: katika kilomita za mwanzo njia inapita chini ya barabara nyingine na katikati ya maghorofa, na saa huweza kukuambia kwamba umekimbia kilomita kwa dakika tatu ilhali unakwenda kwa mwendo wako wa kawaida.

Madhara yake ni ya hesabu. Anayetaka kumaliza kwa saa nne kamili anapaswa kukimbia kila kilomita iliyopimwa kwa dakika 5 na sekunde 41. Mimi niliilinda 5:41 ya saa yangu kama roho, na saa ikaniambia hadi mwisho kwamba ndiyo wastani wangu. Lakini saa ikihesabu kilomita 42.8 mahali ambapo barabara ina 42.195, mwendo wa 5:41 unazaa 4:03, na ili kuingia chini ya saa nne ningepaswa kuiona saa ikisoma 5:36. Sekunde tano kwa kilomita zinaonekana ni kitu kidogo. Ukizizidisha kwa kilomita arobaini na kitu unapata muda wa kuchemsha yai.

Tukitoka kwenye umbali tunakutana na muda, nao una uso zaidi ya mmoja. Matokeo ya Berlin yameandikwa kwa safu mbili, moja Brutto na nyingine Netto, maneno ambayo kwa bahati hata mfanyabiashara wa korosho anayafahamu. La kwanza linahesabiwa tangu mbio zilipoanzishwa. La pili linaanza pale wewe mwenyewe ulipoukanyaga mkeka wa kuanzia. Nyuma ya namba ya kifuani kuna chipu nyembamba isiyo na betri, na mkeka ndio unaoiamsha: unatoa mawimbi ya redio, chipu inajibu kwa namba yake, na mashine inaandika saa. Mtu aliyepangwa nyuma anaweza kutembea dakika kadhaa kabla ya kuufikia mkeka huo, na haki inadai asihesabiwe dakika hizo.

Lakini kwa ushindi na rekodi, kanuni inashika mlio wa kuanzia na si chipu. Baadhi ya watu huona ni uonevu, hadi wakumbuke Tokyo. Tarehe 15 Septemba 2025, katika mashindano ya dunia, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani waliufikia mstari pamoja baada ya kilomita zote hizo. Wote wawili wameandikiwa 2:09:48. Dhahabu ilimwendea Simbu kwa sehemu tatu za mia moja za sekunde, kwa sababu picha ya mstari wa mwisho ilionyesha kwamba kiwiliwili chake ndicho kilichotangulia, na hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kama kila mmoja angehesabiwa kuanzia alipoukanyaga mkeka, aliyesimama nusu hatua nyuma mwanzoni angeweza kupewa ushindi ambao hakuna mtu aliyeuona ukitokea barabarani. Mashindano ni ya nani amefika kwanza. Muda wa chipu hujibu swali jingine, la kwamba wewe ulitumia muda gani, na kwa sisi wa katikati ya umati ndilo swali pekee tulilo nalo.

Mikeka haiko mwanzo na mwisho tu. Imetandikwa kila kilomita tano, na kazi yake nyingine ni ulinzi. Mwaka 2007 mwanasiasa mmoja aliyewahi kugombea urais wa Mexico alimaliza Berlin akiwa na muda wa kushangaza kwa umri wake, mikono juu, amevaa koti na suruali ndefu huku waliomzunguka wakiwa na fulana na kaptura. Rekodi za mikeka zikaonyesha kwamba kati ya kilomita ya 20 na ya 35 alikuwa ametumia dakika 21, ilhali rekodi ya dunia ya kilomita 15 wakati huo ilikuwa zaidi ya dakika 41. Matokeo yake yalifutwa.

Fundo la tatu ndilo linaloleta ubishi mkali zaidi, hasa Kenya, nalo ni hili: kwa nini muda wa kasi zaidi si lazima uwe rekodi. Aprili 18, 2011, mjini Boston, Geoffrey Mutai alimaliza kwa 2:03:02. Moses Mosop, aliyekuwa akikimbia marathoni yake ya kwanza, alimfuata kwa sekunde nne. Rekodi ya dunia siku hiyo ilikuwa 2:03:59 ya Haile Gebrselassie, iliyowekwa Berlin mwaka 2008, na Wakenya wawili walikuwa wameipita kwa karibu dakika nzima. Hawakuandikiwa kitu. Septemba ya mwaka huohuo Patrick Makau alikimbia Berlin kwa 2:03:38, sekunde 36 nyuma ya Mutai, naye akatambuliwa kuwa mwenye rekodi ya dunia.

Sababu iko katika masharti mawili. Njia ya rekodi haipaswi kuwa na mwanzo na mwisho vilivyotengana, kwa mstari ulionyooka, kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio. Wala haipaswi kushuka, mwanzo hadi mwisho, kwa zaidi ya mita moja kwa kilomita, yaani mita 42 kwa marathoni. Boston inavunja yote mawili. Inaanzia Hopkinton na kwenda upande mmoja hadi katikati ya jiji, ikishuka takriban mita 140. Sharti la kwanza linahusu upepo. Kwenye njia ya kuzunguka, upepo uliokusukuma utakulipisha ukigeuka; kwenye njia ya upande mmoja, upepo wa mgongoni ni zawadi ya saa mbili, na siku ile ya 2011 ulikuwa wa mgongoni kwelikweli. Mimi naona kanuni ni ya haki, ingawa haikumtendea Mutai wema. Tusimchukulie, hata hivyo, kama mtu aliyebebwa na upepo: Novemba ya mwaka huohuo alishinda New York, penye madaraja na vilima, kwa 2:05:06, na mwaka uliofuata akashinda Berlin.

Berlin yenyewe ni kinyume cha Boston karibu kwa kila kitu. Inaanza na kuisha katika eneo moja la jiji, na kati ya sehemu yake ya chini kabisa na ya juu kabisa kuna tofauti ya kama mita 15 tu. Huandaliwa mwishoni mwa Septemba, wakati ambapo asubuhi kwa kawaida ni baridi bila kuwa kali, na waandaaji huajiri wadhibiti kasi, yaani wakimbiaji wa kutangulia mbele, wanaowakinga mabingwa dhidi ya upepo. Kuanzia Paul Tergat alipokimbia 2:04:55 mwaka 2003, akimpita kwa sekunde moja Sammy Korir aliyekuwa ameajiriwa kudhibiti kasi tu, hadi Eliud Kipchoge alipofika 2:01:09 mwaka 2022, kila rekodi ya dunia ya wanaume iliwekwa Berlin. Mfululizo huo ulikatwa na Kelvin Kiptum, 2:00:35, Chicago, Oktoba 2023. Ndiyo maana mkimbiaji wa kawaida anayesaka muda bora wa maisha yake hupelekwa na ushauri wa wenzake Berlin, na anayesaka simulizi hupelekwa Boston.

Na Boston haimpokei kila mtu. Mlango wake mkuu ni muda: mwanamume mwenye umri chini ya miaka 35 aliyetaka kukimbia mwaka 2026 alitakiwa awe na 2:55 au pungufu katika marathoni iliyopimwa kwa kanuni. Hapo angalau muda wa chipu unakubaliwa. Lakini kuufikia muda huo kunakupa ruhusa ya kuomba tu. Waombaji walipozidi nafasi, waliochukuliwa ni wale waliokuwa chini ya kiwango chao kwa dakika 4 na sekunde 34 au zaidi. Kuanzia mbio za 2027 wameongeza jambo linalochekesha ukizingatia mteremko wao wenyewe: anayeleta muda kutoka kwenye njia inayoshuka mita 457 au zaidi anaongezewa dakika, na mteremko ukizidi sana muda wake haukubaliwi kabisa.

Kwingine mlango mkuu ni bahati nasibu. London ya 2026 iliombwa na watu zaidi ya milioni 1.1, idadi ambayo hakuna barabara ya jiji inayoweza kuibeba. Berlin nayo hufungua bahati nasibu yake katika majira ya vuli, karibu mwaka mzima kabla ya mbio. Aliyekosa anaweza kupitia taasisi za hisani, akiahidi kuzichangishia fedha, au kupitia kampuni za usafiri zinazouza nafasi pamoja na hoteli. Njia hii ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote, nayo ndiyo ambayo wengi wetu huishia kuitumia bila kupenda.

Ukipata nafasi umepata namba ya mbio, hujapata ruhusa ya kuingia nchini, na hili limewaliza wengi. Maombi ya viza ya Schengen, ambayo ndiyo ya kuingilia Ujerumani, hayapokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala hayapaswi kupelekwa ikiwa zimebaki siku pungufu ya 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini ukihitaji uchunguzi unaweza kufika 45. Kwa mbio za mwisho wa Septemba, basi, dirisha hufunguka mwishoni mwa Machi, na anayesubiri hadi Agosti anacheza bahati nasibu ya pili. Ada ni yuro 90, na bima ya afya ya safari isipungue yuro 30,000. Barua ya uthibitisho wa kushiriki inaeleza kwa nini unasafiri. Kinachomshawishi ofisa kwamba utarudi ni ajira, familia na taarifa za benki. Jina kwenye usajili lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, kwa kuwa namba ya kifuani hutolewa kwa mwenyewe tu, akiwa na kitambulisho. Berlin hugawa namba hizo katika uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof, ambako nilifungwa utepe mkononi usioweza kuvuliwa bila kukatwa, nikalala nao hadi siku ya mbio kama mgonjwa aliyelazwa.

Asubuhi ya mbio, watu hupangwa katika vizimba kulingana na muda walioutaja, na vizimba vya nyuma huondoka muda mrefu baada ya mabingwa kuachiwa saa tatu na robo. Mtu aliyezoea kufanya mazoezi Coco Beach, ambako hata alfajiri shati linalowa kabla ya kilomita ya pili, husimama kwenye nyasi za bustani ya Tiergarten akitetemeka kwa saa nzima. Dawa yake ni sweta la mtumba ambalo huna mpango wa kulirudisha nyumbani: unalivaa hadi dakika ya mwisho, kisha unalitundika kwenye uzio. Usidhani lakini kwamba baridi imeandikwa kwenye mkataba. Septemba 21, 2025, joto lilipanda hadi kwenye nyuzi za ishirini na kitu, na Sabastian Sawe akashinda kwa 2:02:16 katika siku ambayo wengi nyuma yake walitembea.

Baridi ina hatari nyingine inayowahusu hasa watu wa pwani. Mwili uliozoea kupoteza maji mengi Dar es Salaam au Mombasa unapokimbia kwenye nyuzi kumi na mbili unatoa jasho kidogo, lakini mkono unaendelea na desturi yake ya kuchukua kikombe kwenye kila meza. Maji yakizidi mwilini, chumvi ya damu hushuka hadi ubongo unavimba, na dalili zake, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, ni rahisi kudhaniwa kuwa ni kiu. Watafiti walipochunguza damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Boston mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na upungufu huo wa chumvi. Kunywa unaposikia kiu kunatosha. Kwenye meza za Berlin hutakosa hata chai ya vuguvugu, na kwa mtoto wa Kiswahili chai kilomita ya thelathini ni faraja isiyoelezeka; ila angalia chini, kwa sababu vikombe vya plastiki vilivyokanyagwa na maelfu huteleza kama maganda ya ndizi, na maganda ya ndizi nayo yapo.

Safari ya pili nilikwenda nikiwa nimezima ile sehemu ya saa inayojihesabia kilomita. Kila nilipopita bango la barabarani, lililowekwa kwa kipimo cha baiskeli, nilibonyeza kitufe mwenyewe. Kwenye kiganja nilikuwa nimebandika karatasi yenye namba tano, zilizofunikwa kwa gundi ya plastiki zisifutwe na jasho: bango la 10 kwa dakika 56:53, nusu ya njia kwa saa 2:00:00, bango la 30 kwa 2:50:38, bango la 40 kwa 3:47:31, na kutoka hapo hadi ng'ambo ya lango dakika 12 na sekunde 29.